Bima ya afya siyo kibubu jamani

Jumamosi nilikuwa msibani, tumekaa chini ya turubai tunasubiri chakula, shemeji yangu akaanza: "Mimi nakatwa bima mwaka wa 11 huu, sijawahi hata kuchomwa sindano, hela yangu imeliwa." Wazee wakaitikia, eeh, imeliwa. Mimi kazi yangu ni kukagua fomu za madai ya bima, hii kauli naisikia kwenye daladala, kanisani, saluni, kila mahali, na safari hii imenikaa kooni kwa hiyo naandika.

Shemeji, haijaliwa, imewatibu watu. Kibubu unaweka hela yako, unavunja, unaikuta. Bima ni kama ule mchango tuliotoa palepale Jumamosi, daftari lilipita ukaandika jina na elfu kumi yako. Kuna mtu anasimama msibani anasema nimeshachangia misiba tisa na kwangu hajafa mtu, nirudishieni? Hayupo. Na huyu shemeji ambaye "hajatumia" bima, mke wake kajifungua kwa operesheni mara mbili kwa kadi hiyohiyo, maana mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi.

Tupige hesabu. Hapa Tanzania mtumishi wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi anakatwa asilimia 3, yaani 18,000, mwajiri anaweka 18,000 nyingine, kwa mwaka inakuwa 432,000. Sasa chukua mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, tuseme kila mara ni laki na nusu, mwaka mzima ni 23,400,000. Huyo peke yake anabebwa na michango ya watu kama 54. Ndo maana tunawataka wazima wawe wengi kuliko wagonjwa, hakuna siri nyingine.

Ndo maana pia Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikwama. Mtoto alikuwa analipiwa 50,400 kwa mwaka, bei nzuri kabisa, ila wazazi wengi walikuwa wanakuja kukata kadi mtoto ameshalazwa. Namkumbuka mama mmoja dirishani, mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, yuko wodini na dripu, mama kashika noti zimekunjwa kwenye khanga anauliza kadi itatoka leo? Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasimamishwa, wakaelekezwa kujiandikisha kupitia shule, na watu wakasema serikali haina huruma na watoto. Mimi yule mama simlaumu hata kidogo, aliyeniudhi ni yule mwenye uwezo, mtoto mzima, ananiambia "nitalipa akiumwa". Mfuko ukibaki na wanaoumwa tu unakufa, na ukifa wa kwanza kuumia ni mtoto wa selimundu.

Halafu kuna wale wa "zamani ilikuwa bure". Ilikuwa bure dirishani. Baada ya Azimio la Arusha 1967 zahanati zikajengwa vijijini, 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku, lakini mlipaji alikuwepo, ni pamba, kahawa, katani na wafadhili, miaka ya 80 hata maboksi ya dawa za zahanati yalikuja kwa msaada wa Denmark. Uchumi ulipoporomoka zahanati zikabaki na kuta. 1991 binafsi zikaruhusiwa tena, 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama, 1996 CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ikajaribiwa Igunga, 2001 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikaanza kazi kwa watumishi wa umma. Hapo nimeruka mengi.

Sasa nisiwafiche, na mimi kuna sehemu nakwama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mtu awe na bima. Mtumishi ni rahisi, unamkata kabla hajaiona. Mkulima utamkata wapi? Hela anaishika korosho zikiuzwa, ukimfuata mwezi Machi hana kitu na hadanganyi. CHF iliyoboreshwa ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6, na kiwango kilikuwa kilekile, mwenye duka na anayelima kwa jembe la mkono walilipa sawa, hilo sijawahi kulikubali moyoni. Sheria imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, kodi za soda, pombe, vipodozi, sawa, ila nani anaamua fulani hana uwezo? Mara nyingi kazi hiyo inaangukia kikao cha kijiji, na mimi nimekaa kwenye vikao vya kijiji. Siku nyingine nawaza ni bora tungelipa yote kwa kodi tu tukaachana na makadi, halafu nakumbuka bajeti inavyogombaniwa, narudi kwenye bima.

Lakini kama mnataka kulalamika, kuna la kulalamikia na nitakuwa upande wenu. Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu mkubwa hospitali moja, ana presha, kadi yake hai kabisa. Daktari akampima vizuri, akaandika dawa mbili. Dirishani tukapewa moja, ya pili dada akasema imeisha, akatuandikia jina lake kwenye kikaratasi, mkanunue duka la ng'ambo ya barabara. Mama mkubwa akafungua pochi akatoa 14,000, kadi ameishika mkono wa pili.