Violezo vya faili na aina za miradi: dhana potofu na ukweli

Timu nyingi za watengeneza programu hujiandalia violezo vyao vya faili, yaani faili za mfano za kuanzia kazi, ili kila mtu aanze na mpangilio mmoja. Tatizo hujitokeza pale kiolezo cha darasa la majaribio kinapoonekana hata kwenye mradi usio na maktaba ya majaribio. Mgeni kwenye timu anakichagua kwa nia njema, faili inaongezwa, na hapo hapo mradi unagoma kukompaili, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa. Hali hiyo inazuilika, ila maelezo mengi yanayosambazwa kuhusu namna ya kuizuia si sahihi.

Dhana: Ukitaja lugha ya kiolezo, umeshataja aina ya mradi.

Hili ndilo kosa linalosumbua wengi zaidi. Katika Visual Studio, kihariri cha msimbo cha Microsoft, kiolezo ni zipu yenye faili ya `.vstemplate` ndani yake, na humo kuna kipengele kiitwacho `ProjectType`. Jina lake linapotosha. Ukiandika `CSharp` umetaja lugha tu, na kwa C# watu huandika tovuti, programu za mstari wa amri na majaribio vilevile. Kiolezo chako kitajitokeza kote huko.

Kinachochuja kweli ni kipengele `AppliesTo`, kwa sababu chenyewe huangalia uwezo (capability) ambao mradi umeutangaza, yaani lebo inayosema mradi ni wa namna gani. Miradi ya majaribio hutangaza uwezo unaoitwa `TestContainer`, kwa hiyo unaandika hivi:

`<AppliesTo>CSharp &amp; TestContainer</AppliesTo>`

Angalia vizuri hapo katikati. Faili hii ni ya XML, na ukiandika `&` peke yake umeiharibu yote. Kama kiolezo chako kimetoweka kwenye orodha mara tu baada ya kuongeza sharti hili la `AppliesTo`, anza kukagua hapo.

Dhana: Inabidi utumie aina zilizowekwa na waliotengeneza kihariri.

Hapana, na ningependa hili lijulikane zaidi. Kwenye miradi ya mtindo mpya ya .NET, jukwaa la Microsoft ambalo C# hutumia, unaweza kubuni uwezo wako mwenyewe. Ndani ya `ItemGroup` ya faili ya `.csproj`, ile inayoeleza mradi wa C#, weka:

`<ProjectCapability Include="HudumaZaNdani" />`

Kisha taja `HudumaZaNdani` kwenye sharti la kiolezo. Miradi ikiwa mingi, weka mstari huo kwenye `Directory.Build.props` ya folda inayoibeba, nayo yote itaurithi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia safi kuliko zote: mradi unajieleza wenyewe, na hakuna anayelazimika kukisia kutokana na jina la folda.

Dhana: Kiolezo kilichofichwa hakiwezi kutumika.

Kuficha si kufunga. Chukua violezo vya amri ya `dotnet new`, ambavyo mipangilio yake hukaa kwenye `template.json`: kuanzia .NET SDK 7 (zana za kujengea programu za .NET), faili hiyo inakubali sehemu ya `constraints` (masharti), na mojawapo ya aina zake ni `project-capability`. Sharti lisipotimia, amri ya kuorodhesha violezo, `dotnet new list`, haikionyeshi kiolezo hicho. Lakini mtu akiongeza `--ignore-constraints` kwenye amri hiyo, anakiona tena. Kama kuna faili ambayo kamwe haitakiwi kuingia kwenye mradi fulani, weka ukaguzi wakati wa kujenga programu. Kazi ya kichujio ni kumsaidia mtu asikosee, na kwa kazi hiyo kinafaa sana.

Dhana: Vihariri vyote vinafanana katika hili.

Kihariri cha IntelliJ IDEA kinakupa machaguo mawili: violezo vya jumla, au vya mradi mmoja ambavyo hukaa kwenye `.idea/fileTemplates` na vinaweza kuhifadhiwa pamoja na msimbo. Huo ni mpaka wa mradi mmoja, si wa aina ya mradi. VS Code, kihariri kingine, nayo hutumia vijisehemu vya msimbo (snippets): faili ya `.code-snippets` ndani ya `.vscode` hubaki kwenye mradi huo, na `isFileTemplate` hukifanya kijisehemu kitumike kujaza faili nzima. Hapo `scope` huchuja kwa lugha, na ukiiacha wazi kijisehemu kinakubalika kwa lugha zote.

Kihariri chochote utumiacho, jaribu kichujio chako mara mbili: kwenye mradi unaopaswa kukionyesha kiolezo, na kwenye ule usiopaswa. Wengi hujaribu ule wa kwanza tu, ilhali kosa la `ProjectType` huonekana kwenye ule wa pili.