Kinachochujika na Kisichochujika

Mama mmoja alifika kwenye dirisha la kupokelea sampuli katika maabara yetu ya maji akiwa na chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na maji ya kisima kirefu alichochimbiwa nyumbani kwake, si mbali na bahari. Ya pili ilikuwa na maji yaleyale, ila ameyachuja kwa kitambaa, ameyachemsha, kisha ameyapitisha kwenye mtungi wa udongo wa kuchujia. "Mwanangu, onja," akaniambia. "Chumvi haijapungua hata chembe. Mimi naona haya ya pili ndiyo yamezidi."

Sikuonja, maana maabara hatuonji kitu, lakini ulimi wake haukumdanganya. Tulipopima, chupa ya pili ilikuwa na chumvi nyingi kidogo kuliko ya kwanza. Na yote mawili yalikuwa maangavu, ungeyaweka kwenye glasi usingeona tofauti na maji ya mvua.

Swali lake tunalipata karibu kila wiki, na jibu lake ni kemia ya kidato cha kwanza ambayo wengi wetu tuliikariri tukafaulu mtihani tukaisahau.

Chukua maji ya mto wakati wa masika. Ni mekundu kwa udongo, lakini udongo ule haujaungana na maji, umeelea tu ndani yake. Uyaache kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi utakuta tope limetuama chini. Ukiwa na haraka, unatia shabu kidogo au unga wa mbegu za mlonge, chembe za udongo zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Halafu unachuja. Bibi zetu walifanya hivyo, na mitambo mikubwa ya maji mijini hadi leo inafanya kwa kanuni hiyohiyo.

Sasa tia kijiko cha chumvi kwenye glasi, koroga, uache wiki nzima. Hakuna kitakachotuama. Hicho ndicho tunachokiita myeyusho: chumvi imeachana vipande vidogo kabisa, kila kimoja kimezungukwa na maji. Vitundu vya mtungi wa kuchujia ni vidogo sana, vinatosha kuzuia bakteria wengi. Lakini kipande cha chumvi iliyoyeyuka ni kidogo kuliko tundu hilo mara mamia. Kukizuia kwa mtungi ni kama kuzuia dagaa kwa wavu wa papa.

Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo hapa. Tunasema barafu imeyeyuka, na sukari kwenye chai nayo tunasema imeyeyuka. Barafu imegeuka kimiminika peke yake, kwa joto tu. Sukari imehitaji maji ya kuipokea. Wapo walimu wanaotumia "kumumunyika" kwa jambo hili la pili ili kutofautisha, na ni neno zuri, ila nje ya darasa silisikii. Basi nikisema kuyeyuka katika makala haya, fikiria sukari, usifikirie barafu.

Karibu kila kitu kinachoyeyuka kina kiasi chake ambacho maji yakikifikia yanakataa kingine. Gramu 100 za maji kwenye nyuzi 25 za Selisiasi zinapokea takriban gramu 36 za chumvi ya mezani, na ukiongeza, inabaki chini ya glasi. Sukari inaingia nyingi zaidi, kama gramu 200 kwa maji hayohayo. Joto nalo halivitendei vitu vyote sawa. Maji yakikaribia kuchemka, sukari inaingia zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini chumvi inapanda kutoka gramu 36 hadi 39 tu. Aliyewahi kupika shira ya kaimati anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kuiandika: shira nzito ikipoa, sukari iliyobanwa mle kwa moto inatafuta kutoka, inaanza kuganda chengachenga. Ndiyo maana wapishi hukamulia ndimu. Asidi ya ndimu ikipikwa pamoja na shira inaivunja sehemu ya sukari kuwa sukari za aina nyingine mbili, na mchanganyiko huo hauwi mwepesi wa kuganda.

Chumvi haina tabia hiyo. Huwezi kuipata kwa kupoza maji, lazima maji yenyewe yaondoke. Uvinza, mkoani Kigoma, kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na mito Ruchugi na Malagarasi, watu walichemsha maji hayo kwenye vyungu kwa zaidi ya miaka 1,000, na kuni zilizoteketea huko hazihesabiki. Pwani tuna jua na upepo, kwa hiyo tunatengeneza mashamba ya chumvi.

Ukitaka kuelewa myeyusho, tembelea shamba la chumvi kabla ya kufungua kitabu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na chumvi ya kupikia ni kama gramu 27 kati ya hizo. Zilizobaki ni chumvi za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyingine. Maji yanaingizwa kwenye bwawa la kwanza, jua linayapunguza, yanahamishiwa la pili, kisha la tatu. Kinachotokea njiani ni kwamba kila chumvi inatoka kwa zamu yake, ile isiyopenda sana maji ikitangulia. Chokaa ndiyo ya kwanza. Maji yanapobaki kama robo ya yalivyokuwa, jasi inaanza kutuama. Yakibaki karibu sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inaanza kujitokeza kama vipande vya kioo juu ya sakafu ya bwawa.

Mwenye shamba anayejua kazi hangoji maji yakauke yote. Akingoja, zile zilizokuwa zimebaki mwisho, hasa chumvi za magnesiamu, zitaganda juu ya chumvi nzuri. Zina uchungu, na kloridi ya magnesiamu inavuta unyevu wa hewani kwa nguvu sana. Ile chumvi ya mawe inayolowana kwenye kopo wakati wa masika mpaka inatoa maji, mara nyingi ndiyo hiyo. Kwa hiyo maji ya mwisho humwagwa, na chumvi huoshwa. Inaoshwa kwa kitu gani? Ukisema maji baridi ya bomba, utakuwa umeyeyusha mali yako ukaimwaga. Huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyoshiba. Yameshiba chumvi ya kupikia, hayawezi kupokea nyingine, lakini nafasi ya magnesiamu bado yanayo. Uchungu unaondoka, chumvi inabaki. Nimefundisha mada hii miaka mingi na sijapata mfano mzuri kuliko huo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chumvi ya mawe, neno moja kwa wanaoiosha nyumbani kabla ya kupikia. Madini joto yanayotiwa kiwandani hupuliziwa juu ya chumvi, nayo yanayeyuka kwenye maji. Ukiosha, umeyamwaga. Hata gunia likilowana, maji yanayochuruzika chini yanaondoka nayo. Weka chumvi mahali pakavu, kwenye chombo chenye kifuniko, basi.

Nirudi kwa mama wa chupa mbili. Alipochemsha, mvuke uliopaa ulikuwa maji matupu. Chumvi haipai nao. Kwa hiyo chumvi ileile ikabaki kwenye maji machache zaidi. Kwa chumvi ya kawaida hasara yake ni ladha na kiu, ingawa mwenye shinikizo la damu hatakiwi kuipuuza. Kuna mahali hesabu hiyo inauma zaidi.

Miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, ina miamba ya volkano inayotoa floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanaota yakiwa na madoa ya kahawia, na kwa viwango vikubwa mifupa nayo inapinda na kukakamaa. Maji haya hayana rangi, hayana harufu, na kwa viwango hivyo ulimi hauyatambui. Tuseme yana miligramu 3 kwa lita, umechemsha lita 2 hadi zikabaki lita moja na nusu. Umeua vijidudu, na hilo ni jambo jema. Lakini miligramu zote 6 bado zimo, sasa ni 4 kwa kila lita. Magadi ya kulainishia maharage, yale yanayotoka kwenye maziwa ya huko, mara nyingi yanaongeza floraidi nyingine juu ya hiyo.

Njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto, Arusha, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, husagwa, na maji hupitishwa ndani yake. Ukitazama utadhani ni mchujo wa kawaida. Siyo. Floraidi haizuiliwi na tundu, inanasa kwenye madini ya mfupa kwa sababu inayapenda kuliko inavyopenda maji. Mkaa wa kuni hauna madini hayo, kwa hiyo usijaribu kuutumia badala yake. Na mkaa wa mifupa ukishajaa, hauchukui tena. Lazima ubadilishwe, na njia ya kujua umejaa ni kupima maji yanayotoka.

Kuna chumvi moja ambayo moto unaiondoa, na haki itendeke niitaje. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe, kama vya Unguja, yana chokaa iliyoyeyuka. Ukiyachemsha, inageuka kuwa aina isiyoyeyuka na kugandamana kwenye birika kama ukoko mweupe. Siki au maji ya ndimu yatauondoa. Ukoko huo haukudhuru, unakula gesi na mkaa wako tu.

Kuyaondoa maji kwenye chumvi, badala ya chumvi kwenye maji, kunawezekana: unayafanya mvuke, unaupoza, unakinga matone. Tunaita kukeneka. Kwa ndoo ya kunywa nyumbani, nishati yake ni ghali mno. Ila pale ambapo mali ni ya thamani, inalipa. Kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, mvuke hupitishwa kwenye vikonyo vya karafuu, unabeba mafuta, na ukipozwa mafuta yanajitenga na maji. Mafuta mengi tunayoyajua huelea. Haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Kwa maji ya kunywa, mitambo ya siku hizi huyasukuma kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando ambao unazuia hata chumvi, na inabakiza maji machafu yenye chumvi nyingi ambayo nayo yanahitaji pa kumwagwa. Wanaouza mitambo hiyo hawalisemi sana hilo la mwisho.

Mama nilimshauri akinge maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, na ya kisima ayaache kwa kufulia na kudekia. Atalalamika kuhusu sabuni isiyotoa povu, najua.

Ukitaka kujua kama maji yako yameficha kitu, weka matone machache kwenye kioo kisafi, yaache yakauke juani. Doa jeupe litakuambia kuna kilichoyeyuka, ingawa halitakuambia ni nini, na floraidi kidogo inaweza isiache doa la kukushtua. Kwa hilo leta sampuli: chupa ya plastiki ya lita moja, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka yapimwe, ijaze, ifunge, andika ni kisima gani na tarehe uliyochota. Na tafadhali usiyachemshe kwanza.