Je, wajua kwa nini kirusi kipya hukimbia kuliko cha zamani?

Mwaka 1846, fundi seremala mmoja alisafiri kwa meli kutoka Copenhagen hadi visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki. Hakujua kwamba amebeba surua. Visiwa vilikuwa na wakazi 7,782, na ndani ya miezi michache takriban 6,000 walikuwa wameugua.

Surua ni ugonjwa wa kale, ila huko haikuwa imeonekana tangu 1781. Daktari kijana Peter Panum, aliyetumwa na serikali ya Denmark, aligundua kwamba wazee waliougua utotoni, miaka 65 nyuma, safari hii hawakuguswa. Kumbe upya hauko kwa kirusi peke yake, uko pia katika miili yetu. Kirusi kisichomkuta mtu hata mmoja mwenye kinga hakina wa kukizuia njiani.

Kisha kuna hesabu. Mwanzoni mwa korona, mgonjwa mmoja aliambukiza wastani wa watu wawili hadi watatu. Tuchukue watatu: hao wanazaa tisa, tisa wanazaa 27. Mzunguko mmoja ulichukua kama siku tano, kwa hiyo mzunguko wa kumi, wenye wagonjwa wapya 59,049, unafika kabla ya miezi miwili kuisha. Wiki za kwanza kila mtu huona ni mambo madogo tu.

Lakini kinachonitisha zaidi ni ukimya. SARS, ugonjwa wa mapafu uliozuka mwaka 2003, ilipata watu kama 8,000 ikazimwa, kwa sababu mgonjwa wake aliambukiza zaidi akiwa tayari hoi kitandani. Ukimtenga, umemaliza kazi. Wa korona aliweza kuambukiza siku mbili kabla ya kukohoa, akiwa sokoni, ofisini au harusini.

Na hewa je? Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ndani kwa saa mbili na nusu. Baadaye 53 waliugua, wawili wakafariki. Sisi tulipanga ndoo za maji na sabuni kila mlangoni, jambo jema, halafu tukapanda daladala iliyofungwa madirisha kwa kuogopa vumbi!

Kupunguza kasi hakudai ukamilifu. Kama katika kila watatu ambao wangeambukizwa wawili wameepushwa, idadi ya wagonjwa wapya haipandi tena. Ukizidisha kidogo tu, inaanza kushuka. Dirisha lililo wazi linachangia, barakoa nayo, na kadhalika mwenye mafua akibaki nyumbani. Chanjo huupa mwili kinga ile ya wazee wa Faroe bila kuugua kwanza. Mwaka 1846 chanjo ya surua haikuwepo, ila vijiji vya huko vilivyowahi kujifungia wageni wasiingie vilinusurika.