Saa sita za kusubiri ndege KIA si saa sita za kutembea

"Kaka, natua KIA asubuhi, naondoka alasiri, nina saa sita nzima. Nipeleke mlimani mara moja nikanyooshe miguu." Wiki hii nimeupokea tena ujumbe wa namna hii, safari hii ukiwa na picha iliyopigwa dirishani mwa ndege, Kibo imetokeza juu ya mawingu, na swali chini yake: "Si hapo tu?"

Si hapo tu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yaani KIA, uko kwenye tambarare ya mita 890 hivi. Katikati hakuna kilima cha maana kinachoukinga mlima. Kitu kirefu hivyo kikisimama peke yake mbele ya macho, jicho linakosa cha kupimia umbali. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni huku, na bado asubuhi kukiwa kweupe mlima hunisogelea. Barabara haisogei.

Tuhesabu. Umetua saa tatu asubuhi, ndege ya pili inaruka saa tisa alasiri. Anza kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, maana ndege ndiyo isiyosubiri. Kwa safari ya ndani nataka mgeni wangu awe uwanjani saa mbili kabla, yaani saa saba mchana. Kutoka Tengeru, kwenye Ziwa Duluti ninakowapeleka wenye saa chache, hadi KIA ni kama dakika 50. Nikiongeza dakika 40 za dharura, inabidi uwe ndani ya gari saa tano na nusu. Sasa upande wa mwanzo: kushuka ndege, kuchukua begi, kwenda msalani, kumpata dereva, tayari ni saa tatu na nusu. Tengeru unafika saa nne na dakika 20, unalipa kiingilio, unafunga kamba za viatu, saa nne na nusu. Umebaki na saa moja ya kutembea. Na hapo nimezungumzia safari ya ndani kwa ndani. Anayetoka nje ya nchi aweke na foleni ya uhamiaji.

Watu hunibana kwenye zile dakika 40. Sizipunguzi hata kwa ndugu yangu. Kutoka njia panda ya KIA, ukipita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi. Njia nne unazikuta Tengeru, pale ambapo safari yako imeshaisha. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, matuta na trafiki. Roli moja likiharibika Kikatiti, tumesimama wote, aliye na tiketi na asiye na tiketi. Upande wa Moshi kuna mteremko na kona za daraja la Kikavu, nako ni hivyo hivyo. Dereva atakayekuambia "nitakuwahisha" anakuahidi mwendo ambao mimi sitaki ukae ndani yake.

Kwa hiyo mlima tuuondoe kwenye orodha. Geti la Machame, lililo karibu zaidi, liko juu kwenye mita 1,800 hivi. La Marangu unalifikia kwa kupita Moshi mjini na Himo. Kote ni hifadhi ya taifa: kibali, malipo, kitabu cha kusaini, mwongozaji. Kabla hujakanyaga njia, saa yako imekwisha. Kutoka Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, kwenda na kurudi ni safari ya siku nzima, na anayeitaka alale Moshi. Hifadhi ya Arusha nayo usiniambie ukimbie asubuhi. Mule kuna nyati, unatembea na askari mwenye bunduki, na mwendo ni wake.

Chemka, kule karibu na Boma Ng'ombe, kila mtu anaitaja. Ni pazuri, maji meupe kama kioo chini ya mikuyu. Ila ni mahali pa kuogelea, si pa kutembea, na ile barabara ya vumbi mvua ikinyesha haifai kwa mtu mwenye tiketi.

Jambo linalonikera kuliko yote ni hili: watu huchagua njia kwa urefu wake. "Kilomita ngapi?" ndilo swali la kwanza, na mara nyingi ndilo la mwisho. Kwa anayesubiri ndege, urefu ni jambo la tatu. La kwanza ni kama njia inakuruhusu kugeuka. La pili ni wapi imeweka mpando wake.

Chukua maporomoko ya maji ya huku uchagani. Mto umekata bonde, maji yanaangukia chini, kwa hiyo karibu kila mahali unateremka kuyafuata. Kilasiya kule Marangu ni mfano mzuri: unashuka kwa wepesi, unacheka, unapiga picha, saa mkononi inakuonyesha umetumia muda kidogo. Akili inaandika kwamba kurudi kutakuwa hivyo hivyo. Hakuwi. Kurudi ndiko kupanda, ngazi za udongo zimelowa, mapaja yanawaka, na wewe tangu jana umekaa kwenye viti vya ndege. Njia inayoanza kwa mteremko inakukopesha muda mwanzoni na kuudai wote mwishoni, wakati ambapo huna. Kwa mtu mwenye siku nzima, wala haijalishi. Kwa mwenye ndege, ni njia mbaya, hata iwe fupi namna gani.

Njia ya mzunguko nayo ina tabia yake. Ziwa Duluti pale Tengeru ni ziwa la volkano, na kuna njia inayolizunguka ndani ya msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukizunguka kwa mwendo wa kutazama, ni kama saa moja. Lakini ukifika upande wa pili, kurudi ulikotoka na kuendelea mbele ni umbali ule ule, na katikati ni maji. Ukitegua kifundo pale, huna njia ya mkato. Ndiyo maana mgeni mwenye saa moja kamili simzungushi. Namwingiza kwa dakika 25, kisha nasema tugeuke, tulipo tulipo. Wengi hununa kwa sababu "hawajamaliza". Kumaliza nini? Kenge aliyelala juu ya gogo linaloelea yuko dakika chache tu baada ya kuingia, mbele ya mafunjo, na furukombe ukimsikia analia umeshamsikia. Upande wa pili halii kwa sauti nyingine.

Kwa kukimbia, Duluti siipendi sana. Mizizi imevuka njia kila hatua chache, juu yake yamelala majani makavu, na udongo wetu huu wa volkano ukipata manyunyu unateleza hata ukiwa na viatu vyenye meno. Wapo wanaokimbia vizuri mle, wenyeji wanaojua mzizi mmoja mmoja. Mgeni aliyetoka kwenye ndege si mmoja wao.

Mkimbiaji namshauri msitu wa Rau, pembeni ya mji wa Moshi. Ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, uko tambarare kabisa, una kivuli, una mivule mikubwa na mbega weupe juu yake. Hakuna mpando unaokusubiri mwishoni, na unaweza kugeuka dakika yoyote. Vijia vyake vinagawanyika sana kuelekea mashamba ya mpunga, kwa hiyo chukua mwenyeji. Upungufu wake ni umbali: kutoka KIA ni zaidi ya kilomita 40, mbali kidogo kuliko Duluti. Kwa saa sita siuthubutu. Kwa saa saba na kuendelea, nakwenda.

Kuhusu hewa nyembamba, naomba tuelewane. Mtu akihema Duluti, kwenye mita 1,290 hivi, huniambia ni kimo. Ndani ya ndege ya masafa marefu hewa huwekwa kwenye shinikizo sawa na la kimo cha hadi mita 2,400. Umekaa mule usiku kucha ukiwa juu kuliko Duluti, na hukulalamika. Kinachokuhemesha ni usingizi uliokosa, maji ambayo hukunywa na miguu iliyovimba. Legeza kamba za viatu, kunywa maji ukiwa garini, robo saa ya kwanza tembea tu, hata kama ulikuja kukimbia.

Hapo kwenye kukimbia au kutembea, mimi mwenyewe nasita. Naegemea kutembea, kwa kuwa nimeona wanaokimbia wakipanda ndege jasho halijakauka na kutetemeka kwa baridi ya kiyoyozi. Lakini wapo wanaoniambia mbio za nusu saa ndizo zilizowapa usingizi hadi Ulaya, na siwezi kuwakatalia miili yao. Hata kile kiwango changu cha saa sita nakitilia shaka msimu wa masika, Machi hadi Mei. Siku hizo nikiona wingu zito juu ya mlima Meru asubuhi, hukaa na mgeni Usa River tukanywa kahawa, na fedha ya kutembezwa simtozi.

Wanaoondoka kwa ndege za usiku ndio wenye bahati. Ingieni Duluti saa tisa na nusu, jua likiwa limepungua makali, mtoke saa kumi na moja. Msitu huingia giza kabla ya barabara. Ila Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, ndizi na watu na daladala mpaka barabarani, na zile dakika 40 zangu huliwa zote pale pale. Siku hizo mbili, kama muda unaruhusu, semeni na dereva mapema akate kulia kwenye njia panda ya KIA, mwende Rau.