Ukifuta picha kwenye simu, na kule mtandaoni inaondoka

Wengi huamini kwamba picha ikishapanda Google Photos, programu ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni, unaweza kuifuta simuni bila wasiwasi, maana nakala ipo. Sivyo. Ukiwa ndani ya programu hiyo ukabonyeza alama ya kapu la taka, picha inatoka kwenye simu na kwenye akaunti kwa pamoja. Hukaa kwenye taka siku 60, kisha inapotea kabisa. Kama shida yako ni simu kujaa, tumia kitufe cha kuongeza nafasi. Hicho huondoa tu nakala zilizomo simuni. Na zile GB 15 za bure unazopewa na Google? Tangu Juni 2021 karibu picha zote mpya zinazila, zikigombania na barua pepe zako. Picha za thamani, kama za harusi, zihamishie pia kwenye kompyuta au diski ya nje.