Tatizo la utafiti: maana yake kwa mtu wa mjengo anayeandika tasnifu

Mhandisi, mkadiriaji majenzi au msanifu majengo wa Mombasa anayerudi chuoni kusomea uzamili huulizwa swali moja mapema: tatizo lako la utafiti ni lipi? Wengi hujibu kwa kutaja kero ya kazini. Plasta inabanduka. Malipo ya wakandarasi yanachelewa. Mafundi wanahama kabla kazi haijaisha. Hizo ni kero za kweli, ila hakuna hata moja ambayo tayari ni tatizo la utafiti.

Tatizo la utafiti ni jambo ambalo fani bado haijalijua vizuri, linaloweza kujulikana kwa kukusanya ushahidi, na ambalo likijulikana kuna mtu ataamua tofauti na anavyoamua leo. Hilo la tatu ndilo linaloupa utafiti wa watu wa kazi sura yake. Katika majengo huyo mtu hupatikana kwa urahisi: mwenye nyumba, mkandarasi, mkaguzi, bima. Usipoweza kumtaja, mada yako bado ni pana mno. Vichwa vya namna ya "Changamoto za sekta ya ujenzi Mombasa" huanguka hapahapa.

Chukua kutu ya nondo. Tembea Nyali au Bamburi uangalie chini ya roshani za majumba yaliyozeeka kidogo: zege limepasuka kufuata mstari wa nondo, pengine limeshadondoka na vyuma viko wazi. Sababu yake inajulikana. Zege zima lina ualkali mwingi unaoilinda nondo kwa utando mwembamba. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma huuvunja utando huo, kutu inaanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege husukumwa mpaka likapasuka. Yote haya yamo vitabuni. Ukiandika tasnifu kuthibitisha kwamba chumvi ya bahari huharibu nondo, hujaongeza kitu.

Sasa msikilize mwenye jumba: chumvi iliingia na mchanga tangu siku ya kumwaga zege, au imeletwa na upepo baadaye? Huyu anauliza kwa sababu ya pesa. Ikiwa ni upepo, huenda kuta zinazotazama bahari, zile zinazopigwa na kusi, ndizo pekee za kushughulikiwa. Ikiwa ni mchanga ambao haukuoshwa, jengo zima liko mashakani. Tena swali hili linapimika. Unatoboa zege na kukusanya unga wake kwa kina mbalimbali, kisha maabara inapima kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoharibu chuma, ya kila kina. Chumvi iliyotoka nje huwa nyingi karibu na uso na hupungua kadiri unavyoingia ndani. Iliyochanganywa na zege tangu mwanzo hukaribia kuwa sawa kote. Kero ya roshani imegeuka kuwa tatizo la utafiti, na tunajua nani analingoja jibu.

Kupanga sasa ni kulinganisha swali na muda, ruhusa na mfuko. Chumvi hupenya kwa miaka mingi, nawe huna miaka hiyo. Ujanja wa kawaida ni kutafuta majengo ya umri tofauti yaliyo katika mazingira yanayofanana, ili umri wa majengo ushike nafasi ya muda ambao huwezi kuungoja. Hapo ujihadhari: majengo ya zamani huenda yalimwagwa kwa mchanganyiko mwingine kabisa, na tofauti unayoiona isiwe ya umri. Mipaka nayo iandikwe waziwazi. Nyumba za asili za Mji wa Kale, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, hazina nondo ndani yake. Zina matatizo yao ya chumvi, lakini hizo ni tasnifu ya mtu mwingine.

Ruhusa ndiyo huchelewesha watu kuliko maabara. Kwa Kenya, utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyowekwa na sheria ya sayansi ya 2013, na ukikusanya taarifa za watu binafsi unaingia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Halafu kuna mwenye jengo, ambaye hafurahii kutobolewa zege lake wala kusikia kwamba linaoza. Kama jengo ni la mwajiri wako, mambo yanakuwa magumu zaidi, maana milango inafunguka upesi ila mdomo unaweza kufungwa baadaye. Andikianeni mapema: nini kitachapishwa, majina yatafichwa vipi, nani atasoma rasimu. Tasnifu huwekwa maktaba, haibaki kwenye droo ya ofisi.

Kuhusu hojaji, yaani fomu za maswali, nina msimamo, na wasimamizi wengine watanipinga. Kumuuliza mkandarasi kama "anakubali sana" au "anakubali kiasi" kwamba malipo huchelewa kwa sababu fulani kunakupa maoni yake kuhusu sababu, si sababu zenyewe. Vyeti vya malipo vyenye tarehe, vikifuatwa kimoja kimoja tangu mkadiriaji alipovitia sahihi hadi pesa kuingia benki, vitaonyesha karatasi inakwama meza gani. Ni kazi ya kuchosha, na faili lazima ulipewe. Hojaji iwe ya kuuliza kile ambacho hakimo kwenye karatasi.

Kwa kuwa ruhusa au faili huenda usipewe, pendekezo la utafiti liwe na njia ya pili tangu mwanzo. Wakikataa zege kutobolewa, kumbukumbu za ukarabati bado zinaweza kuonyesha ni upande gani wa jengo hurekebishwa mara nyingi na baada ya miaka mingapi. Ila hapo swali limebadilika: hutajibu tena chumvi ilitoka wapi, utajibu uharibifu hutokea wapi na lini. Kichwa cha tasnifu kibadilike nalo, na msimamizi aambiwe kabla hujaanza kukusanya.