UFAFANUZI: Baba yake Hermia hakubariki ndoa ile

Kuna ujumbe unaozunguka miaka mingi kwenye magrupu: ati katika A Midsummer Night's Dream, tamthilia ya Shakespeare, Hermia aliambiwa aolewe na chaguo la baba au afe, kisha mapenzi yakamlainisha mzee akatoa baraka. Yote mawili si sahihi.

Fungua Sehemu ya 1, Onyesho la 1. Egeus, baba mtu, anadai Hermia aolewe na Demetrius, mchumba aliyemchagua yeye, au afe. Mtawala Theseus anaongeza njia ya tatu, kuishi bila mume maisha yote kama mtawa wa Diana, mungu wa kike bikira, na anampa binti muda hadi mwezi mwandamo.

Ruka hadi Sehemu ya 4, Onyesho la 1. Hermia na Lysander, kijana ampendaye, wamekutwa msituni walikotorokea, na Egeus anataka sheria imwangukie Lysander. Demetrius anakiri kuwa sasa anampenda Helena, rafiki wa Hermia. Hapo Theseus anatengua matakwa ya baba waziwazi, na Egeus hatamki neno tena katika onyesho hilo. Kushindwa si kuridhia. Mwigizaji akikosea hapa, mgogoro mzima unapwaya.

Mkanganyiko una chanzo. Katika chapa ya 1600 Egeus hayumo kwenye sherehe ya Sehemu ya 5. Chapa ya 1623 inampa mistari mingi ya Philostrate, msimamizi wa burudani, hivyo msomaji humwona harusini. Lakini mistari hiyo inahusu mchezo utakaoonyeshwa, wala haina baraka.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mtajie aliyeutuma maonyesho hayo mawili ajisomee.